Nyumba ya Mbao Isiyo na Mtandao

Jumamosi, 9 Agosti 2025. Kanja.

Nimeipata! Nyumba ya mbao ya kukodisha, Timau, ule upande wa baridi wa mlima. Vyumba viwili, veranda, meko ndani ya nyumba. Picha safi sana. Lakini si picha zilizoniteka. Ni malalamiko ya mgeni mmoja aliyelala huko Pasaka, ameyaandika kwa hasira chini ya picha. Hakuna mtandao hata kidogo. Ukipanda mti hakuna, ukilia hakuna. Nikasoma tena. Nikaibusu simu. Nikakodisha papo hapo.

Sababu ni hii. Binti yangu Karimi, mtoto wangu wa pekee, ni nesi. Amepata kazi Ujerumani, kwenye hospitali ya mji ambao jina lake siwezi kulitamka bila kutema mate. Anangoja tu ubalozi umwite kwa viza. Wakimpigia asipopatikana, nafasi inakwenda kwa mwingine na yeye anarudi nyuma ya foleni. Sasa, mtu atapokeaje simu mahali ambapo simu haziingii?

Mpango hauna dosari. Nimeukagua kila upande, kama nilivyokuwa nikikagua kahawa kiwandani kabla ya kustaafu.

Nilimwambia wakati wa chai. Nikasema ni likizo ya baba na binti, tangu mama yako atuache hatujapumzika. Nilitegemea mabishano. Nilikuwa na hoja tayari, nyingine nimeziandika kiganjani. Akauliza nyumba yenyewe iko wapi. Nikamwonyesha picha haraka haraka, ile sehemu ya chini nimeifunika kwa kidole gumba. Akaniangalia. Akaiangalia simu. Akasema sawa Baba, twende.

Sawa tu! Mtoto mwenye akili yote ile, kaingia mtegoni kama kuku aliyeitiwa mahindi.

Jioni nikamweleza Winfred. Winfred ni mke wangu, tulimzika mwaka jana wakati wa mvua kubwa. Kila jioni humweleza mambo ya siku, kwa sauti, nikiwa kwenye kochi. Hapo ndipo ninapolala pia. Chumba chetu sijakifungua tangu siku ile. Hakunijibu, lakini naamini mpango ameupenda.

Jumatatu, 11 Agosti. Kanja.

Nyamu amekuja. Nyamu ni kaka yake marehemu Winfred, yaani shemeji yangu, na adui wangu wa siku nyingi. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu, na jaketi la ngozi ambalo halivui hata jua likiwaka. Ndiye aliyemlipia Karimi masomo ya Kijerumani. Ndiye aliyesimama siku ya mazishi, mbele ya watu wote, akatangaza kwamba mtoto huyu atavuka bahari. Watu wakapiga makofi. Mazishini!

Leo ameleta sanduku la safari. La buluu, la magurudumu, kubwa kiasi cha kuingia mbuzi. Karimi akalisukuma sebuleni huku na huku, wakacheka. Mimi nikasema magurudumu ya namna hiyo huvunjika kwenye barabara za baridi. Nyamu akauliza nimejuaje. Nikasema ni jambo linalojulikana.

Akataka kujua kwa nini twende Timau wakati mtoto anangoja simu. Nikasema hewa. Akasema hata Kanja ina hewa. Nikasema hii ya Kanja imeshatumika. Akabaki kupandisha zipu ya jaketi!

Baadaye niliwaona yeye na Karimi wakinong'ona kando ya pikap yake. Nikasogea nikijifanya natafuta kuku. Wakanyamaza. Bila shaka anaona wivu kwamba hakualikwa.

Jumatano, 13 Agosti. Timau.

Tumefika. Baridi! Inaingia mpaka kwenye meno.

Nyumba iko bondeni, nyuma ya mashamba ya ngano, imesimama juu ya nguzo fupi kama kuku anayekwepa umande. Picha zile zilipigwa kitambo. Mbao zimejikunja, kati ya ubao na ubao unapitisha kijiko. Meko inatoa moshi pande zote isipokuwa juu. Karimi amevaa sweta la mama yake. Nikaenda kupuliza meko.

Lakini mtandao! Nilizunguka nyumba nimeinua simu juu kama msalaba wa Ijumaa Kuu. Mbele hakuna. Nyuma ya choo hakuna. Nilitaka kuimba.

Anayeitunza nyumba ni Kailemia, Mmeru wa makamo, gamubuti na kofia ya sufu. Mtu mwema, kwa bahati mbaya. Hata kabla hatujafungua mizigo akamwambia Karimi asijali, akitaka network apande kile kilima cha ng'ambo ya kijito, kwenye tangi la maji, hapo inashika vizuri kabisa. Ata video inaingia, akasema. Nikamkanyaga mguu. Akasema, Mzee, umenikanyaga.

Hiyo njia ya kwenda kwenye tangi nitaishughulikia kesho.

Jambo moja sikulitegemea. Nyumba ya mbao haina siri. Nikigeuka kitandani Karimi anauliza kupitia ukutani kama niko salama. Ukipiga chafya, sahani zinaitikia jikoni. Jioni nilimsimulia Winfred safari yetu kwa kunong'ona, blanketi limenifunika kichwa.

Alhamisi, 14 Agosti. Timau.

Asubuhi Karimi aliniita verandani, akasema mawingu yanafunguka, njoo tuutazame mlima pamoja. Sikuwa na nafasi. Nilikuwa natafuta karai.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kailemia alishatuambia ndovu huteremka kutoka msituni wakati ngano inapokomaa. Mimi nikawaongezea mmoja. Nilichukua karai la kuoshea nguo, nikashuka kijitoni, nikaligandamiza kwenye matope ya njia ya kupanda tangini. Hatua moja baada ya nyingine, zimepangana vizuri, mnyama mzito mwenye haraka. Kisha nikarudi nyumbani nikihema, nikamwambia Karimi nimeona nyayo za kutisha, asithubutu kuvuka kijito.

Mambo yakaharibika hapo hapo. Kailemia alinisikia. Akapuliza filimbi! Kumbe kuna utaratibu. Kufumba na kufumbua majirani wamefika na masufuria ya kugonga, mbwa, na mwanamke mmoja mwenye panga ambaye ngano yake ililiwa mwaka jana na hataki mchezo. Wakaniuliza ndovu alielekea wapi. Nikaonyesha pande mbili kwa wakati mmoja.

Pamoja nao akaja kijana mtanashati anayeitwa Murungi, daktari wa mifugo wa shamba kubwa la jirani. Akachuchumaa juu ya nyayo. Akazitazama muda mrefu. Akasema kwa upole kwamba ndovu huyu anaonekana ana mguu mmoja. Na kwamba mguu wenyewe una nembo ya kiwanda cha mabati.

Watu wote wakanigeukia. Suruali yangu ilikuwa matope mpaka magotini. Karai lilikuwa verandani linakauka.

Hapo Karimi akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini, ameshika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya mazishi. Ni kicheko cha Winfred kabisa, kinaanza juu halafu kinaanguka. Nilisahau hata kuona aibu.

Yule mwanamke wa panga hakucheka. Niliwaomba msamaha mmoja mmoja.

Halafu nikamwangalia vizuri yule Murungi. Mpole. Ana kazi ya kudumu. Hana pete.

Jumamosi, 16 Agosti. Timau.

Mpango mpya, bora kuliko wa kwanza! Kumzuia mtu kwa matope ni utoto. Mtu huzuiwa na mtu. Karimi akimpenda Murungi, Ujerumani itabaki huko huko iliko, na wajukuu wangu watakulia hapa, nitakuwa nikipanda kuwaona kila likizo.

Nikamwalika Murungi chakula cha mchana. Nilipika mwenyewe. Mukimo wa viazi na mahindi, na kuku wa Kailemia aliyekuwa mgumu kama imani. Asubuhi Karimi alikuwa ameniomba twende tutembee kwenye ngano, mimi na yeye. Nikamwambia baadaye, nina sufuria motoni.

Nikawaketisha verandani. Nikajitoa kwa heshima, nikasimama jikoni nyuma ya ukuta. Nimeshasema mbao hizi hazina siri. Mwanzo waliongea habari za kondoo. Vizuri. Kisha habari za wazazi. Vizuri sana! Kisha kimya kidogo, na nikajua mambo yameiva.

Halafu nikasikia sauti za ajabu. Za kukwaruza koo. Nikadhani mfupa wa kuku umemkwama mmoja wao. Nikatoka mbio na maji.

Walikuwa wanaongea Kijerumani.

Murungi anakisoma usiku na mchana, kumbe. Anataka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe wa huko. Akamuuliza Karimi aombe vipi, aanzie wapi, asimamiwe na nani. Karimi akamweleza yote, akamwandikia na tovuti. Murungi akanishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru, akasema Mzee, Mungu ndiye amewaleta hapa.

Nimemwalika bwana harusi, amekuja abiria mwingine!

Jioni nilimweleza Winfred bila kunong'ona sana. Nilimwambia sijui nitakula na nani. Nilimwambia ule ukimya wa Kanja una uzito, kwamba nikitoka nyumbani naacha redio sauti ya juu ili nikiingia nisikute kimya. Nilimwambia mtoto akiondoka hakutakuwa na mtu anayekumbuka yeye Winfred alivyokuwa akiweka chumvi kwenye uji. Ni mimi tu. Na mimi nasahau vitu.

Ukuta ukalia kidogo. Baridi huzikunja mbao.

Jumatatu, 18 Agosti. Timau.

Siku mbaya. Naiandika yote.

Saa za chai nikaona pikap ikiteremka bondeni kwa mbwembwe. Nyamu! Jaketi la ngozi, matope mpaka kiunoni, uso umejaa ushindi. Hakusalimia. Akapaza sauti kutoka kwenye mlango wa gari kwamba wamepiga, Karimi anatakiwa Nairobi keshokutwa asubuhi.

Nikauliza wamempigiaje yeye, yeye ni nani. Akasema Karimi alitoa namba yake kama ya pili.

Namba ya pili! Hicho ndicho walichokuwa wakinong'ona, na mimi natafuta kuku!

Karimi hakushangaa. Alimshukuru mjomba wake, akamkaribisha ndani, akamwekea chai. Wakakubaliana kuondoka kesho alfajiri. Mimi nikasema nakwenda kuangalia mbuzi. Hakuna mbuzi hapa. Hakuna aliyeniuliza.

Nikazunguka mpaka kwenye pikap. Nikapiga magoti kwenye nyasi. Nikaanza na tairi la mbele, nikafungua kifuniko chake kidogo cha upepo. Sikujua kwamba tairi linapotoa upepo hupiga mluzi mkali namna ile. Bonde zima lilisikia. Ndani ya nyumba vikombe vikanyamaza. Nikafinya kwa kidole, nikaachia, nikafinya. Ikawa kama wimbo.

Nilipoinua macho Karimi alikuwa amesimama juu yangu, amevaa sweta la mama yake.

Nikamwambia nilikuwa naangalia kama lina upepo.

Akasema, "Lilikuwa nao, Baba."

Akasema nisimame, nyasi zina maji. Sikusimama. Basi akaketi yeye pia, hapo hapo kwenye maji, ameegemea tairi. Akaninyang'anya kile kifuniko cha tairi akawa anakizungusha kidoleni. Akasema:

"Yale malalamiko ya yule mgeni niliyaona siku ile ile. Kidole chako hakikufunika vizuri."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kuja.

"Kwa sababu hata mimi nilitaka siku chache bila simu. Nilitaka tukae tu, Baba. Mimi na wewe. Nilijua mjomba atakuja wakipiga, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Lakini kila nikikuita, uko na karai. Ama uko na Murungi."

Nikasema, Mami, kwa nini uende. Humwita Mami kwa sababu ana jina la mama yangu. Nikasema hospitali ziko hata hapa. Wagonjwa wako hapa. Watu wanaugua vizuri tu hapa nyumbani.

Ng'ombe walikuwa wanarudi ng'ambo ya kijito, tukawatazama mpaka wa mwisho akapita.

"Kila nikiingia wodini naona kitanda cha Mama," akasema. "Kimeshalaliwa na watu wengi tangu hapo. Bado ni chake. Mgonjwa akiita sista, nasikia ni yeye anaita, na nakimbia, na si yeye. Siwezi tena, Baba. Nikienda mahali ambapo hakuwahi kulala, labda nitaweza kazi."

Sikujua. Naapa sikujua. Nilidhani ni Nyamu na sanduku lake.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia vipi? Hata mlango wa chumba chenu hujafungua. Ningekuongezea na hili?" Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Na mbao hizi hazifichi kitu. Nimekusikia ukiongea na Mama. Kila jioni nimekaa upande wa pili wa ukuta nikisikiliza. Mimi sina maneno ya kumwambia, Baba. Nilikuwa naazima yako."

Mtu mwingine angesema jambo la maana hapo. Baba mwingine angemshika. Mimi nilisema tairi la nyuma bado lina upepo.

Akacheka huku analia. Akaniwekea kifuniko mkononi, akaukunja mkono wangu juu yake, akaenda kumwambia mjomba wake kwamba tairi limetoboka na mwiba.

Murungi ameleta pampu. Alijaza upepo akisema maneno ya Kijerumani, kwa mazoezi.

Jumanne, 19 Agosti. Timau.

Wameondoka. Nyamu alisema kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi. Nikasema nyumba nimeshailipia mpaka Alhamisi, sitaiacha ikae bure. Karimi akanibembeleza. Nikakataa kwa sauti ya mtu anayejali mali yake. Ukweli ni kwamba sikutaka kukaa kati yao nikiona barabara inaisha.

Alinikumbatia verandani. Nikamwambia afunge mkanda.

Baada ya pikap kupotea nyuma ya ngano nikakaa kwenye kiti chake. Hapo mawingu yakaondoka. Yote! Mlima ukasimama wazi, mweupe kileleni, karibu kama mtu anayetaka kuniambia kitu. Sijawahi kuuona hivyo. Nikageuka nikaita, Mami, njoo uone mlima!

Sauti ikapita kwenye mbao, ikaingia chumba chake, ikatoka upande wa pili.

Kailemia alikuja na chai kwenye chupa. Akamimina vikombe viwili. Tukakaa. Baada ya muda akaniambia watoto wake wako Mombasa, na kwamba mwanzo ni mbaya, halafu unazoea ubaya. Nikamwambia pole kwa ule mguu niliokanyaga. Akasema ulishapona.

Jumatano, 20 Agosti. Timau.

Nimevuka kijito. Nimepanda kilima. Nimesimama kando ya tangi la maji, nimeinua simu juu, mimi mwenyewe, nikiutafuta mtandao!

Ilichukua muda. Kisha simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa Karimi ulikuwa mfupi. Nimepata, Baba. Halafu mwingine. Umekula?

Nikaandika kwamba mvua huko Ujerumani ni mbaya sana kwa mapafu. Nikafuta. Nikaandika kwamba nadhani ninaumwa. Nikafuta. Nikaandika hongera mwanangu, nimekula. Nikatuma.

Sikuwa nimekula.

Jumapili, 14 Septemba. Kanja.

Ameondoka leo.

Tulikwenda uwanja wa ndege kwa pikap ya Nyamu. Sikuwa na mpango wowote. Niapishwe! Sikugusa kitu, sikuficha pasipoti, ingawa nilijua ilipo.

Tulipofika, gurudumu moja la lile sanduku likang'oka kwenye ukingo wa barabara. Nilishasema! Nilishasema mbele ya mashahidi! Na sikufurahi hata kidogo. Nililibeba begani mpaka mlangoni. Lilikuwa zito. Amebeba unga wa mahindi, amebeba njahi, yale maharagwe yetu meusi, amebeba sweta. Ningeweza kutembea nalo siku nzima kama mlango ungekuwa mbali.

Karimi akaniambia nisilale kwenye kochi, mgongo utaniua. Akamwambia mjomba wake anywe dawa zake za presha. Akaingia. Akageuka, akapunga mkono. Watu wakapita mbele yake. Walipokwisha kupita hakuwepo.

Nilijiandaa kwa maneno ya ushindi ya Nyamu. Nilikuwa na majibu. Lakini Nyamu alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yanatikisika. Alilia kama ndama, mtu mzima, mbele ya askari na wasafiri. Ikabidi nimshike mimi. Akaniambia, pua imeziba, kwamba lile jaketi la ngozi alinunuliwa na Winfred, kwa mshahara wa kwanza wa Winfred, wakati yeye hana kazi wala viatu. Kwamba kumpeleka yule mtoto mbele ndiyo njia pekee aliyoiona ya kumrudishia dada yake.

Miaka yote nikilicheka jaketi lile.

Tulipofika Embu akasimamisha gari tukala chapati na maharagwe, sahani moja, kwa sababu yeye hakuwa na njaa na mimi pia sikuwa nayo. Tukaimaliza. Tukaagiza nyingine.

Ijumaa, 3 Oktoba. Kanja.

Simu za Karimi ni fupi. Anatoka kazini amechoka, lugha inamchosha, wazee wa huko wanataka kila kitu kwa saa yake. Baba umekula, Baba lala vizuri, kwaheri. Nikifungua mdomo kumsimulia habari za kuku, amekwisha kuaga. Simlaumu. Lakini nikishaweka simu chini nyumba inakuwa kubwa.

Leo, akiwa karibu kuaga, nikakohoa. Sikukusudia! Nilikuwa napukuchua mahindi, vumbi likanipanda. Akauliza kikohozi kimeanza lini. Kikavu au cha makohozi? Usiku nalala? Natoka jasho? Akaniambia ninywe maji moto, nivae soksi, akaniuliza nani anakuja kuniona, akaniuliza habari za Nyamu, za chai, za mbwa wa jirani. Tukaongea mpaka jua likazama.

Nimekaa hapa nikiwaza. Kikohozi!

Jumapili, 5 Oktoba. Kanja.

Nimefanya mazoezi siku nzima. Kikohozi ni kazi ngumu. Kikianzia juu sana kinafanana na kicheko. Nilihitaji kioo nione kifua kinavyokwenda, na kioo kikubwa kiko kwenye kile chumba chetu. Nikaingia. Nilikuwa ndani kabla sijakumbuka kwamba siingiagi humo. Vumbi. Kanga yake iko msumarini. Nilikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji. Kisha nikaondoka na kioo, nikarudi nacho sebuleni.

Karimi akapiga jioni. Nikamwacha aulize habari, halafu nikakitoa. Kizuri, kirefu, na mlio mwishoni.

Akaniambia, Baba, kohoa tena. Nikakohoa. Akaniambia nivute pumzi ndani polepole, nishike, niachie. Nikafanya yote kwa bidii. Akasema, "Baba. Hicho ni kikohozi cha midomo."

Nikamwambia labda ni laini, huko ni mbali.

Akacheka, kile kicheko kinachoanza juu halafu kinaanguka. Lakini hakuaga! Alinisimulia juu ya bibi mmoja wodini kwake anayekataa kula mpaka aimbiwe, na Karimi humwimbia nyimbo za kanisani kwetu, kwa Kiembu, na yule bibi hula huku akipiga makofi. Akaniambia kitanda cha bibi huyo kiko dirishani. Akaniambia hicho ni cha bibi tu. Si cha mtu mwingine. Nilielewa alichokuwa ananiambia, nikashika kitambaa.

Sasa nimekaa kwenye kochi na nimegundua kosa liko wapi. Kosa ni kuchagua kikohozi. Kikohozi nesi anakijua, anakisikia, anakipima hata kwa simu. Nilikosea ugonjwa.

Kesho naanza mgongo. Mgongo haulii.